Picha ya Angani Isiwe Hakimu Peke Yake

Wakulima wenzangu wa skimu,

Nasema "wenzangu" kwa sababu, ingawa mchana mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, jioni nashika jembe kama ninyi katika shamba la baba yangu, nalo ni ploti ya skimu. Kabla ya ukarani nilisomea ualimu, na desturi ya mwalimu ni kueleza jambo tangu mwanzo wake. Basi nawaomba mnivumilie kidogo, maana jambo la leo ni geni kwa wengi, lakini lahusu ghala la kila mmoja wetu. Ni habari ya picha za rada zinazopigwa kutoka angani, na namna zinavyotumiwa kuamua mambo ya mashamba yetu.

Mwaka 2024 mvua za masika zilinyesha kupita kiasi na mito ikafurika katika sehemu nyingi za Kenya. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilituleta orodha ya mashamba yaliyoingiwa na maji, ili wenyewe wapewe mbegu za kupanda tena. Orodha hiyo haikutokana na mtu kutembea katika matope. Ilitokana na picha ya rada iliyopigwa na setilaiti. Kazi yangu ilikuwa kunakili majina tu.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mjane, miguu yake ina matope hadi magotini. Akaniambia, "Karani, mwanangu, jina langu silioni." Nikatazama, na kweli halikuwamo. Nikaifungua ramani: mahali pa shamba lake pameng'aa, na maelezo ya pembeni yasema kuwa maji ni pale palipo peusi. Nikamwambia kwa heshima ya kwamba mashine haikuona maji kwake. Akanijibu, "Basi mama yako nakuomba, hiyo mashine na ije ilale kwangu usiku mmoja."

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Mahindi yalikuwa yamesimama, yamefika kiunoni, na chini yake maji yamepita kifundo cha mguu. Majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano na mizizi imeanza kuoza. Majirani zake watatu walikuwa katika hali ile ile. Tuliandika upya, Bwana Shamba akatia sahihi, karatasi zikaenda. Lakini mbegu zilipofika, majira ya kupanda yalikuwa yamekwisha kupita. Mama yule alinunua mahindi ya kula mwaka ule, yeye ambaye miaka yote huuza.

Tangu siku hiyo nimesikia maneno ya namna mbili. Wako wasemao, "Mashine haidanganyi, mkulima ndiye adanganyaye." Na wako wasemao, "Hiyo ni hila ya watu wakubwa. Afadhali tusiikubali kabisa." Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, nami nataka kuwaonyesha kwa nini.

RADA HUONA NAMNA GANI

Picha ya kawaida hutegemea mwanga wa jua. Usiku haipatikani, na wingu likitanda haionyeshi kitu ila wingu. Rada haingoji jua. Hupeleka mawimbi yake yenyewe ya redio, kisha husikiliza yale yanayorudi, kama vile popo atoavyo sauti gizani akasikiliza mwangwi wake ili asigonge mti. Mawimbi ya rada hupita katika mawingu. Ndiyo maana katika masika, siku ambazo hata kilele cha mlima hatukioni wiki nzima, rada huendelea na kazi yake mchana na usiku.

Kila kitu huyarudisha mawimbi kwa namna yake. Maji yaliyotulia ni laini kama kioo: wimbi huja kwa mshazari, hudunda likaenda zake upande wa pili, wala halirudi. Kwa hiyo maji huonekana meusi. Udongo uliolimwa, wenye mabonge, huyatawanya mawimbi, na baadhi yake hurudi; huonekana wa kijivu. Udongo wenye unyevu hurudisha mengi kuliko udongo mkavu. Kuta na mapaa ya mabati hurudisha kwa nguvu sana, nayo huonekana meupe.

Sasa fikiri juu ya mahindi yaliyosimama ndani ya maji. Wimbi likipenya kati ya majani hugonga maji, hudunda, hugonga bua, na kutoka kwenye bua hurudi moja kwa moja lilikotoka. Mahali hapo huweza kung'aa, pasiwe peusi hata kidogo. Na majani yakiwa mazito sana, wimbi fupi huishia juu lisiyafikie maji. Kwa vyovyote, mtu atafutaye weusi peke yake atalikosa shamba la mama yule. Mashine haikusema uongo. Ilirudisha ilichopokea. Aliyekosea ni yule aliyeisoma picha kama mtoto wa darasa la kwanza asomaye herufi moja akadhani amesoma neno zima.

Tena yafaa kujua ya kwamba mawimbi hayalingani urefu. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 hutumia wimbi la sentimeta tano na nusu hivi. Wimbi hilo hugongana zaidi na majani na vijiti vidogo. Wimbi la sentimeta 24 hupenya majani na kufika kwenye matawi na mashina. Wimbi la sentimeta 70 hivi hupita msituni hadi kwenye magogo makubwa. Ni kama kushika ungo na chekecheke: kila kimoja kina matundu yake, na kinachobaki katika kimoja hupita katika kingine. Mtu mwenye busara hatumii kimoja kwa kazi zote.

KWA NINI VYOMBO VIWILI

Antena ndogo ikiwa juu sana huona mambo ya chini yamevurugika. Mwaka 1951 mhandisi Carl Wiley wa kampuni ya Goodyear Aircraft huko Marekani alitambua ya kwamba chombo kikiwa mwendoni, mwangwi hubadilika kidogo kidogo kwa kadiri ya mwendo huo. Ukiukusanya mwangwi wote wa njiani na kuupiga hesabu, antena fupi hufanya kazi ya antena ndefu sana. Jambo hilo lilijaribiwa kwanza katika eropleni. Mwaka 1978 Marekani walirusha Seasat, setilaiti ya kwanza ya kiraia yenye rada ya namna hiyo. Ilifanya kazi siku 105, kisha umeme wake ukaharibika. Basi kumbukeni ya kwamba tangu mwanzo eropleni ilitangulia, na setilaiti ikafuata.

Kisha wakaja kutambua faida ya kutazama mara mbili. Mtu mwenye jicho moja aweza kuona, lakini akishuka ngazi hujikwaa, kwa kuwa jicho moja halipimi kimo vizuri. Rada ni vivyo hivyo. Februari mwaka 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilibeba antena mbili, moja ndani yake na nyingine kwenye mwisho wa mlingoti wa meta 60. Kwa siku 11 kilipima vilima na mabonde ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia, na Kenya ilikuwamo. Mwaka 2010 Wajerumani wakarusha setilaiti TanDEM-X ili iruke bega kwa bega na mwenzake TerraSAR-X aliyerushwa mwaka 2007. Mara nyingi mbili hizo zilikuwa meta mia chache tu mbali mbali, zikienda kasi ya kilometa saba na zaidi kwa sekunde, na kwa pamoja zikachora kimo cha dunia nzima. Ramani hiyo ilikamilika mwaka 2016.

Njia nyingine ya kutazama mara mbili ni kupiga picha leo, kisha kurudi baadaye mahali pale pale na kulinganisha. Hapa mfano uko nyumbani kwetu. Kwa njia hiyo wanasayansi waligundua ya kwamba mlima Longonot, ambao wengi wenu mwauona kila mwendapo Naivasha, uliinuka kiasi cha sentimeta 9 kati ya miaka 2004 na 2006. Mlima Paka, kaskazini ya Ziwa Baringo, uliinuka sentimeta 21 hivi kwa miezi tisa ya mwaka 2006 na 2007. Mchungaji aliyekuwa akilisha mbuzi pale hakuhisi kitu, lakini setilaiti iliyo mamia ya kilometa juu ilipima. Kwa hiyo asiniambie mtu ya kwamba rada ni upuuzi. Ni chombo cha ajabu, na tukikidharau tutakuwa tumejinyima wenyewe.

EROPLENI NDIYO MWALIMU

Sasa nafika kwenye neno nililokusudia kusema.

Setilaiti ya Sentinel-1 huruka juu kilometa 693. Huiona dunia yote, lakini kwa saa yake na kwa njia yake. Moja peke yake hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12. Zikiwa mbili zinazopokezana, huwa siku 6. Mafuriko ya siku tatu yaweza kuja na kuondoka katikati. Tena haioni vitu vidogo. Picha yake aghalabu hugawanywa katika viraba vya meta 10 kwa 10. Ekari moja ina meta za mraba 4,047, yaani viraba 40 hivi. Robo ekari ya viazi ina viraba 10 tu, na vile vya pembeni vimechanganyika na njia, ua na shamba la jirani. Picha ya rada pia ina chengachenga, kama pilipili manga iliyonyunyizwa juu ya wali, na kiraba kimoja peke yake hakiaminiki. Na penye miinuko mikali kama ya kingo za Bonde la Ufa, upande mmoja wa mlima hufichwa na kivuli, na upande mwingine hujikunja juu ya wenzake.

Eropleni ni kinyume chake. Haiwezi kuizunguka dunia, na kila saa ya kuruka kwake ni gharama kubwa. Lakini huenda pale itakiwapo, siku itakiwayo, na huona mambo madogo. Eropleni moja ya shirika la NASA la Marekani, yenye rada iitwayo UAVSAR, huruka juu meta 12,500 hivi, nayo huweza kurudi kwenye njia yake ya kwanza bila kupotoka zaidi ya meta 5 upande wowote. Yaweza kupita asubuhi watu wakiwa shambani na vipimo mikononi, ili kile kilichoonekana juu kilinganishwe na kile kilichoshikwa kwa mkono chini.

Hiyo ndiyo kazi yake kubwa: kuifundisha setilaiti. Mwaka 2006, miaka minane kabla ya Sentinel-1 ya kwanza kurushwa, Shirika la Anga la Ulaya na Wajerumani wa shirika la DLR walirusha eropleni yenye rada juu ya mashamba ya Demmin, kaskazini mashariki ya Ujerumani. Walianza Aprili wakamaliza Agosti. Kila iliporuka, watu walikuwa chini wakipima unyevu wa udongo, kimo cha mimea na uzito wake. Yalikuwa mashamba makubwa ya ngano, shayiri, mahindi na viazisukari, kila zao mahali pake, tambarare hadi upeo wa macho.

Afrika nako kazi ya namna hiyo imefanywa, huko Gabon. Mwaka 2015 Wafaransa, na mwaka 2016 Wajerumani na NASA, walirusha eropleni zenye rada juu ya misitu ya nchi hiyo, kama ile ya Lopé, pamoja na shirika la Gabon la mambo ya anga. Watu walikuwa wameingia msituni kwa miguu wakizungusha utepe kwenye magogo, mti baada ya mti. Kwa elimu iliyopatikana huko na kwingineko, Ulaya walirusha setilaiti Biomass tarehe 29 Aprili 2025. Hutumia lile wimbi la sentimeta 70, ili kujua misitu ina uzito kiasi gani. Tarehe 30 Julai 2025 Wahindi na Wamarekani wakarusha NISAR kutoka Sriharikota, India, nayo ina rada mbili za mawimbi tofauti katika chombo kimoja.

Mimi niliyesomea ualimu naliona jambo hili waziwazi. Mwanafunzi hujua kile alichofundishwa. Setilaiti ilifundishwa ngano ya Demmin, ikaijua. Ilifundishwa misitu ya Gabon, ikaijua. Je, ni nani aliyeifundisha shamba la skimu ya Kenya? Shamba la ekari tatu lenye mahindi na maharagwe mstari kwa mstari, nepia kwenye kingo za matuta, migomba nyuma ya jikoni, miti ya mipakani, na kipande cha viazi kando ya kisima? Mtu asishangae basi ikiwa mwanafunzi huyo akiletewa mtihani wa shamba la namna hiyo hukosea. Na lililo baya ni kwamba mtihani akosee yeye, adhabu ipewe mama mjane.

NINAYOYATAKA KWA WAKUBWA WETU

Kwanza, picha ya rada isiwe hakimu peke yake. Iwe shahidi. Kila orodha inayotokana na picha, iwe ya mbegu, ya bima au ya msaada wa njaa, ibandikwe kwenye baraza la chifu siku kadhaa kabla ya kukatwa, na watu wapewe nafasi ya kusema. Kisha Bwana Shamba na wazee wawili wa skimu watembee katika mashamba machache, yale yaliyomo katika orodha na yale yasiyomo, waone kwa macho. Si lazima kutembelea yote. Hata mnunuzi wa kahawa hafungui kila gunia. Huchoma machache, akajua.

Pili, tuletewe eropleni. Najua wengine watacheka. Watasema, karani huyu aota ndoto. Lakini sisemi iruke kila mwaka. Nasema iruke majira mamoja kamili, tangu kupanda hata kuvuna, juu ya skimu chache zilizochaguliwa: moja ya mpunga, moja ya nyanda za juu zenye baridi, moja ya kando ya mto unaofurika. Gabon walifanya kwa ajili ya miti yao. Sisi tuna Kituo cha Kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa hapa Nairobi tangu mwaka 1975. Tuna Shirika la Anga la Kenya lililoanzishwa mwaka 2017. Picha za Sentinel-1 Ulaya huzitoa bure kwa kila mtu. Kinachokosekana ni kuzifundisha kwa mashamba yetu. Gharama ya majira mamoja ya mafunzo ni ndogo kuliko hasara ya kuamua vibaya mwaka baada ya mwaka.

Tatu, makarani na maafisa wafundishwe kuisoma picha. Mimi mwenyewe nilipewa ramani ile bila neno hata moja la kunieleza kwa nini mahali penye maji paweza kung'aa. Nimejifunza baadaye, kwa aibu. Karani asiyejua anachonakili ni kama mpishi asiyeonja chakula.

NINAYOYATAKA KWENU WAKULIMA

Nanyi pia mna sehemu yenu, wala sitawabembeleza.

Kwanza, semeni kweli. Wako miongoni mwetu ambao, wakisikia mbegu zinagawanywa, husema shamba lote limezama, kumbe ni ukingo tu. Mtu wa namna hiyo hawaibii wakubwa. Amwibia jirani yake, kwa sababu ndiye anayewapa wengine sababu ya kusema mkulima haaminiki. Tena, ikiwa maneno yetu ndiyo yatakayoifundisha mashine, uongo wa leo utaandikwa ndani ya hesabu yake, nao utaturudia kesho.

Pili, wekeni kumbukumbu. Daftari la shilingi chache latosha. Andika tarehe uliyopanda, mbegu gani, ekari ngapi, siku ya palizi, na magunia uliyovuna. Kama shamba lako liko bondeni, simika mti wenye alama za kipimo, na siku maji yakija, andika yamefika wapi na yamekaa siku ngapi. Setilaiti ikipita baada ya maji kuondoka, daftari lako ndilo litakalosema yaliyotokea. Mtoto asomaye shule aweza kulitunza, naye atajifunza hesabu kwa jambo lenye maana.

Tatu, wakija wapimaji, msiwafukuze. Mzee mmoja aliniuliza, "Karani, hawa wakishatupima kutoka juu, kesho si watatunyang'anya?" Swali lake si la kipumbavu, na nitalijibu kwa heshima. Rada haisomi hati ya shamba. Haijui jina la mtu wala mpaka wake. Mpaka hukaa katika rejista ya ardhi na katika vigingi vilivyowekwa na mpima ardhi. Lakini ni kweli ya kwamba picha ikiwa mikononi mwa mtu mmoja peke yake, yaweza kutumiwa vibaya. Dawa ya hofu hiyo ni kuwapo pale inapopimwa, kuuliza inapimwa kwa ajili gani, na kutaka nakala ya matokeo ibaki ofisi ya skimu ambapo kila mtu aweza kuitazama.

Wazee wetu walikwisha kuyaona mambo ya namna hii. Katika miaka ya 1950 vipande vya mashamba vilipokuwa vikiunganishwa katika Mkoa wa Kati wa wakati ule, picha zilipigwa kutoka eropleni. Watu waliambiwa wapande ua kwenye mipaka yao ili ionekane kutoka juu, na ramani za rejista zikachorwa juu ya picha hizo. Ramani nyingi hazikusahihishwa mpindo wa picha, hasa penye miteremko, na ndiyo maana hata leo ekari za karatasini mara nyingine hazilingani na ekari za ardhini. Lakini ua ulibaki. Watu wakigombana, walikwenda kwenye ua, hawakwenda kwenye picha. Picha ilisaidia, na ardhi yenyewe ikaamua. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, nasi tusiupoteze kwa sababu picha za leo zatoka juu zaidi.

NENO LA MWISHO

Mama yule alikuja tena ofisini masika yaliyofuata. Hakuja kulalamika. Alileta daftari la mjukuu wake. Ndani yake mlikuwa na tarehe ya kupanda, hesabu ya mistari, na kila siku ya mvua kubwa kipimo cha maji kwenye mti aliousimika kando ya mfereji. Akaliweka juu ya meza yangu, akasema, "Bwana Karani, hii ndiyo mashine yangu. Mkiwa na yenu, zipatanishe."

Nimejaribu kutafuta maneno bora kuliko hayo, sikuyapata. Setilaiti ina jicho lake, eropleni ina jicho lake, na mwenye shamba ana lake. Zikipatanishwa, mbegu zitamfika anayestahili, tena kwa wakati. Kabla ya mvua zinazokuja, kila mmoja wenu afungue daftari lake na kuandika mstari wa kwanza. Nami nimekwisha kutenga rafu moja ofisini kwa ajili ya nakala zenu. Rafu bado iko tupu, nawangoja.

Ni mimi,
Karani wa Ofisi ya Kilimo